Zabibu za Ziwani, Mvinyo wa Gisozi

Wiki iliyopita, tulipokuwa tumeketi msibani kumlilia Tantine Goretti nyumbani kwake Gisozi, Kigali, mwanamke mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba marehemu ndiye yule aliyekuwa akitengeneza divai ya ndizi. Mwenzake akamjibu kwamba la, ilikuwa ya nanasi, na yeye mwenyewe aliwahi kuinywa. Najua kwamba msibani hakuna anayepaswa kusahihishwa, na kwa muda niliipima hoja hiyo pande zote, kama nipimavyo kila kitu: je, heshima ya marehemu ni kunyamaza, au ni kusema lililo kweli? Mwishowe niligeuka nikasema, kwa sauti iliyotoka rasmi kuliko nilivyokusudia, kwamba ilikuwa ni zabibu, zabibu nyeupe, zilizopandwa mwambaoni mwa Ziwa Kivu na kukamuliwa katika gereji iliyo nyuma ya ukuta ule pale. Wanawake wale walinitazama. "Wewe ni mtoto wake?" mmoja akauliza. Nikasema hapana, nilikuwa mpangaji wake. Akatikisa kichwa taratibu, kwa upole, kama anavyofanyiwa mgonjwa.

Tangu siku hiyo tasnifu yangu ya udaktari imekaa mezani bila kuguswa. Nikishika kalamu, kinachotoka ni yeye tu. Nimeona ni afadhali niandike kwanza kuhusu mwaka ule niliokaa kwake, kwa usahihi niuwezao, kwa sababu naogopa kwamba baada ya miaka michache mvinyo wetu utakuwa wa nanasi kabisa, na hakutakuwa na mtu wa kugeuka.

Nilifika katika nyumba ile nikiwa nimeshindwa. Nilikuwa ndio kwanza naanza shahada ya uzamili, na niliposimama mbele ya jopo la walimu kueleza utafiti niliotaka kufanya juu ya uchachukaji wa matunda, mmoja wao aliuliza kama hiyo ilikuwa sayansi au mapishi. Ukumbi ukacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Nimekichunguza mara nyingi tangu wakati huo na nina hakika kilikuwa kicheko cha watu waliochoka wakisubiri chakula cha mchana. Lakini sauti yangu ilikatika katikati ya sentensi na haikurudi. Kwa miezi kadhaa sikuweza kuzungumza mbele ya watu waliozidi wawili. Nilihama kutoka karibu na chuo, nikapanga chumba cha uani kwa mjane mmoja Gisozi kwa sababu kilikuwa na mlango wake na sikulazimika kumsalimu mtu. Hayo ndiyo yalikuwa matarajio yangu. Sikujua kwamba katika nyumba ya Tantine Goretti, shangazi wa kila mtu, hakuna aliyeruhusiwa kula peke yake.

Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lililotazama chini Agakiriro, kwenye karakana za maseremala na mafundi wa kuchomelea. Kutwa nzima randa za umeme zilikuwa zikilia, na upepo ulipogeuka tuliletewa harufu ya vanishi, jambo lililomfanya Tantine azibe kila tundu la gereji kwa matambara akisema mvinyo hunusa kila kitu, kama mama mkwe. Upande wa pili wa ukuta wangu ndipo palikuwa na chumba cha kulia. Hapo niliitwa jioni ya kwanza, nikawekewa isombe, yaani kisamvu, ndizi za kupika na dagaa wa ziwani waliokaangwa mpaka wakawa wanavunjika mdomoni, na nikaambiwa nile kwanza, huzuni itasubiri. Tantine alikulia Bujumbura na Kiswahili chake kilikuwa cha mitaa ya huko, cha haraka na chenye mzaha. Mimi nilikuwa nimetoka Tanzania na Kinyarwanda changu kilichekesha hata watoto wa jirani. Kwa hiyo nyumba nzima ilinihurumia kwa Kiswahili: yeye, binti yake Aline aliyefanya kazi benki, na Muzehe Anastase, mlinzi wa lango na mtunza bustani, ambaye tangu siku ya kwanza aliniita Mtanzania na hakuwahi kujishughulisha na jina langu.

Kuhusu shamba la zabibu nilisikia kupitia ukutani. Jumapili moja alikuja kula Tonton Faustin, ami yake Aline, mdogo wa marehemu mume wa Tantine, ambaye baada ya kifo cha kaka yake ndiye aliyekuwa mkubwa wa familia. Shamba la mwambaoni lilikuwa mali ya familia nzima, si la mjane peke yake, na neno la Faustin lilikuwa zito. Nilikuwa nimelala na kitabu usoni.

"Shemeji, hii kitu ya zabibu utaacha lini?" nilimsikia akisema. "Ile shamba iko mahali pazuri. Watalii wanapita pale. Tungojee nini? Tung'oe, tujenge nyumba ya wageni."

"Kaka yako ndiye alipanda."

"Kaka yangu alipanda na parachichi pia, na hatukujenga kanisa juu yake. Goretti, divai ni kitu ya Wazungu na ya mapadri."

"Padri anakunywa kila asubuhi na anazidi kunenepa. Haitatuua."

Kijiko kikagonga sahani. Faustin alikuwa anapenda kula kwa shemeji yake, na nadhani ndiyo maana alizungumza taratibu alipotoa uamuzi wake. Aline alikuwa amechumbiwa, na sherehe ya gusaba, ambapo familia ya mume huja kuomba binti rasmi, ilipangwa kufanyika Desemba. Kama mavuno ya mwaka huo yangetoa mvinyo unaoweza kuwekwa mbele ya wakwe bila aibu, mizabibu ingebaki. Kama sivyo, ingeng'olewa Januari, na asisikie neno tena. "Sawa," alisema Tantine, haraka mno, kama mtu anayefunga mlango kabla mwingine hajaingiza mguu. Mimi nilikuwa nimeshaketi kitandani.

Asubuhi nilimwendea jikoni na kumwambia kwamba nilisomea uchachukaji. Nilisema sentensi hiyo nikitazama sufuria. Aliendelea kumenya ndizi. "Najua," alisema. "Ulidhani nilikupa kile chumba kwa sababu ya uzuri wako?"

Tulikwenda ziwani mwezi Machi kupogoa. Watu wa Bahari ya Hindi niliokua nao hucheka ninapouita ule mwambao, lakini una kila kitu ambacho mwambao unapaswa kuwa nacho: upepo unaobadilika mchana na jioni, wavuvi wanaoimba wakirudi, na joto ambalo maji hulihifadhi mchana na kuligawa gizani. Miteremko inashuka hadi majini, na katika mteremko mmoja, juu ya nguzo za mikaratusi na nyaya, palikuwa na mizabibu ya marehemu mume wa Tantine. Kitu cha kwanza nilichojifunza hakikuwemo katika kitabu changu chochote. Katika nchi zenye majira ya baridi mzabibu hulala. Majani huanguka yenyewe, mti hupumzika, na mkulima naye hupumzika. Kwetu, karibu na ikweta, hakuna kinachoulaza. Ukiuacha, utatoa jani jipya, ua na tunda lililoiva kwenye tawi moja kwa wakati mmoja, na utajichosha hadi ufe ukiwa na vichala vidogo vichungu. Mkulima lazima aulaze kwa nguvu: aunyime maji, akwanyue kila jani kwa mkono, akate matawi hadi libaki shina linaloonekana limekufa, kisha aamue ni lini uamke. Tantine alihesabu nyuma kutoka kiangazi, ili zabibu ziive Julai, mvua ikiwa imekoma.

Nilikwanyua majani kwa siku kadhaa na vidole vyangu vikawa vya kijani. Najua inaonekana kama mfano niliouchagua kwa makusudi, msomi aliyevunjika akisimama kati ya miti iliyokatwa, na nimejiuliza kama niuache nje ya simulizi hii. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Wakati ule sikuwaza mfano wowote. Niliwaza tu kwamba kwa mara ya kwanza tangu ule ukumbi nilikuwa nimefanya kazi kutwa nzima bila kusikia kicheko kile kichwani.

Julai tulivuna alfajiri, zabibu zikiwa bado baridi, tukazipanga katika kreti na kuzipeleka Kigali kwa pikapu ya kukodi, tukizifunika kwa mashuka yaliyoloweshwa. Gereji ilikuwa tayari. Kulikuwa na mashine ya kukamulia ya kuzungusha kwa mkono, iliyochomelewa Agakiriro kwa mchoro wangu, na tangi la chuma cha pua lililowahi kuwa la maziwa. Tulikamua siku ile ile. Maji ya zabibu yalitoka na rangi ya majani makavu, matamu hadi koo likauma, na Aline, aliyekuja na viatu vyake vya benki, alikanyaga dimbwi lake na akakataa kujifuta. Niliweka hamira nikalizungushia tangi magunia mabichi na feni, kwa sababu mvinyo mweupe hupenda kuchachuka polepole, mahali pa baridi. Hamira ikipata joto kupita kiasi hukimbia. Huifukuza harufu yote ya tunda, kisha hufa kabla ya kuimaliza sukari, na kinachobaki hugeuka siki. Niliyaeleza haya yote kwa Tantine. Sikumweleza Muzehe Anastase, kwa kuwa kazi ya tangi haikuwa yake.

Jumapili iliyofuata tulikwenda misa, naye akabaki nyumbani. Asubuhi za Julai Gisozi ni baridi kweli kweli. Ukungu hukaa bondeni na watu huvaa makoti. Muzehe aliingia gerejini kufagia, akakuta tangi limevikwa magunia yenye maji, linapepewa na feni, na ndani yake kunatoka mlio mdogo wa kutetemeka. Maisha yake yote alikuwa ametengeneza urwagwa, pombe ya ndizi, na kila atengenezaye urwagwa anajua kwamba pombe changa ni kama mtoto mchanga: huifunika, huiweka karibu na moto, haruhusu upepo uiguse. Aliona ukatili, akauondoa. Tuliporudi tulilikuta tangi limefungwa majani ya migomba, juu yake blanketi za wageni za Tantine, zile za manyoya ambazo hata mimi sikuwahi kupewa, na pembeni majiko mawili ya makaa yakiwaka vizuri. Povu lilikuwa linamiminika sakafuni. Chumba kizima kilinuka mkate unaoungua.

"Ilikuwa na balidi, Mama," alisema Muzehe, akiwa ameridhika na kazi yake. "Ilikuwa inatetemeka. Nikasikia: shii, shii. Rakini sasa iko sawa. Sikiriza, inacheka."

Tantine alikaa juu ya kreti. Kumwona ameketi kuliniogopesha kuliko povu. Nilichovya kipimajoto, nikakisoma, nikakisoma tena. Nakumbuka nilivyosimama nikiorodhesha kichwani yaliyowezekana na yasiyowezekana, na jinsi orodha ile ilivyokatizwa na sauti kubwa iliyosema: "Toeni majiko. Toeni blanketi. Nataka barafu, barafu yote iliyopo Gisozi." Muzehe alinitazama kwa mshangao. Ilinichukua muda kutambua kwamba sauti ilikuwa yangu.

Aline alikwenda mtaa wa juu, mimi nikashuka wa chini. Niliingia kwenye bucha, kwa muuza samaki, kwenye maduka ya vinywaji, kwa majirani waliokuwa mezani, na kila mahali nilisema maneno yale yale, kwa Kiswahili pale Kinyarwanda kiliponigomea: nataka chupa za maji zilizoganda, zifungwe vizuri, ni za kupoza divai, tafadhali, sasa hivi. "Divai gani hiyo ina homa?" aliuliza mwenye bucha. Nikamwambia ni ya Mama Aline na ikifa leo atakunywa siki kwenye gusaba. Watu waliokuwa wamesimama pale walicheka. Nami nikacheka, huku nimepakata chupa zilizoganda hadi kifua kikafa ganzi. Wengine walinifuata hadi nyumbani wakiwa na chupa zao, kwa sababu walitaka kuona divai yenye homa, na kwa hiyo nilijikuta gerejini mbele ya umati, nikieleza kwa nini chupa zisuguliwe kwa maji yaliyochemshwa, kwa nini zishushwe tangini taratibu kwa kamba, kwa nini tusiruhusu hata moja ivuje. Nilieleza kwa ukamilifu. Nilieleza pengine kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyeondoka.

Joto lilishuka jioni ile, na tukalishikilia chini kwa zamu za barafu hadi juma likaisha. Muzehe Anastase hakukaripiwa. Alikuwa amejitenga langoni akiwa na aibu, hadi Tantine alipomwendea na kikombe cha chai.

"Kwa hiyo huyu mutoto anataka balidi," alisema Muzehe.

"Ndiyo, Muzehe. Ndivyo alivyozaliwa."

"Mutoto wa Ulaya," alihitimisha, na kuanzia hapo yeye ndiye alikuwa wa kwanza kulowesha magunia kila asubuhi, akilisemesha tangi lile Kifaransa chake cha zamani.

Mvinyo ulimaliza sukari yake. Tuliuhamisha kutoka kwenye mashapo, tukauacha utulie, na Oktoba, siku mvua ilipokuwa ikipiga bati, Tantine nami tuliufungulia kwenye bilauri za chai. Nilitafuta kasoro, kama kawaida yangu, na zilikuwepo: harufu ya mbele, ile ya maua, ilikuwa nyembamba kuliko nilivyotaka, na najua ni Jumapili ile iliyoipunguza. Lakini nyuma yake kulikuwa na ganda la limau, na pea, na ukali safi uliofanya mdomo utake tena. Ulikuwa angavu kabisa. Tantine alimeza, akafumba macho, akasema ni kama kuuma hewa ya ziwani. Sijawahi kuandika maelezo bora kuliko hayo katika kazi yangu yoyote ya kitaaluma. Alimpelekea Faustin chupa moja. Faustin aliirudisha bila kuifungua, akisema yeye hanywi dawa, na kwamba kwa usalama ameagiza makreti ya divai ya dukani.

Siku ya gusaba mvua ilitupa nafasi. Hema lilisimama uani, familia mbili zikakaa zikitazamana, na kati yao wasemaji wawili wazee wakashindana kwa maneno kama ilivyo desturi, wa kwetu akijifanya hajui wageni wamekuja kutafuta nini, wa kwao akijifanya wamepotea njia. Mwanadamu akiketishwa hupewa kinywaji, na hapo ndipo Aline, bila kumuuliza mtu, aliwaagiza wasichana watoe chupa zetu badala ya zile za dukani. Glasi zikajaa upande wa wakwe. Msemaji wao, mzee mwembamba mwenye fimbo, aliinua yake kwenye mwanga, lakini hakunywa.

"Kinywaji ni kizuri kwa macho," alisema. "Lakini tangu lini mgeni akanywa kabla mwenyeji hajaonja? Au hapa Gisozi mmeacha?"

Hawakuwa wameacha, na hakuna anayeweza kuacha. Anayetoa kinywaji hukionja kwanza mbele ya wote, ili ionekane hakina ubaya, na mwenye kuonja ni mkubwa wa nyumba. Watu wote waligeuka kumtazama Tonton Faustin. Alikaa wima ndani ya suti yake, akaletewa glasi na Aline mwenyewe, akaipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesimama karibu na nguzo ya hema na nilimwona akivuta pumzi kama mtu anayejiandaa kwa kwinini. Alionja. Aliitazama glasi, akainusa, jambo ambalo sikutarajia, kisha akanywa tena, funda refu.

"Mzee," alisema yule msemaji wa wakwe, "kuonja ni mara moja. Mara ya pili huko ni kunywa."

Hema zima likaangua kicheko, na Faustin naye akacheka, mabega yakimtikisika. Wakwe wakanywa. Niliona glasi zikishushwa na kutazamwa upya, kisha minong'ono ikaanza. Msemaji alimaliza ya kwake, akauliza divai hii imetoka nchi gani. Faustin alifungua mdomo, akasita. Halafu akaninyooshea mkono mimi, mpangaji.

"Huyu binti yetu ataeleza. Yeye ndiye fundi."

Nilikwenda katikati ya familia mbili. Nilisema kwa Kinyarwanda changu kilichochechemea, na Kiswahili kikinishika mkono kila nilipojikwaa, kwamba zabibu zimetoka mwambaoni mwa Kivu, kwamba kule mti haulali usipolazwa, kwamba aliyepanda ni marehemu baba wa bibi harusi na aliyelaza na kuamsha ni mama yake, na kwamba kila jirani aliyekuwa amekaa nyuma pale ana kipande chake cha barafu ndani ya glasi zile. Sauti haikukatika. Mwaka uliofuata nilirudi mbele ya jopo langu na nilisema vizuri pia, lakini siku yangu ya kuhitimu, nikisema ukweli, ilikuwa ile.

Baba wa bwana harusi akauliza, kupitia msemaji wao, kama watapata ya namna hiyo kwa ajili ya harusi na kwa ajili ya mjukuu wa kwanza. Faustin alisimama kujibu. Alisema harusi itapata, na mjukuu atapata, kwa sababu mizabibu yetu iko pale na itakuwa pale.

Tantine Goretti hakuyaona haya. Mama wa binti hakai hemani; alikuwa jikoni na wapishi, akipakua wali, na katikati ya mvuke na kelele za sufuria alikuwa amesikia vicheko tu bila kujua vilikuwa vya nini. Nilikimbia kwake. Alinitazama usoni, akaacha upawa ndani ya chungu.

"Amesema nini? Niambie kama alivyosema, usiongeze chako."

"Amesema: mizabibu yetu iko pale na itakuwa pale."

"Yetu?"

"Yetu."

Alijifuta mikono kwa kanga, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Wapishi wote walikuwa wameacha kazi wakimtazama.

"Hawa hawajasikia vizuri," alisema. "Rudia, sha, mwanangu. Sema kwa nguvu."

Nikarudia, kwa nguvu.